Kabla Wageni Hawajashuka Kwenye Treni: Fundi Bomba Anajibu Maswali Yenu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu wageni wa Krismasi na Mwaka Mpya. Nimefurahi kuzipata mapema. Simu yangu hapa Kigoma hailali kuanzia mkesha wa Krismasi hadi Januari ianze kuchanganya, na nyingi ya kazi ninazoitiwa siku hizo zingeweza kumalizwa sasa, kwa utulivu na kwa pesa kidogo, mwenye nyumba akala sikukuu yake na watu wake. Nimechagua barua tano. Zinazofanana nazo nimezijibu humohumo.

*Shikamoo fundi. Kila Desemba ndugu wa mume wangu wanakuja kutoka Dar es Salaam na Kasulu, tunafika watu kumi na sita. Mwaka jana, siku ya Krismasi yenyewe, sinki la jikoni liligoma kupitisha maji, na maji yenye mafuta yakawa yanarudi juu. Kijana wangu alimwaga kostiki soda tunayotengenezea sabuni. Tulisubiri, lakini sinki likazidi kuziba. Safari hii nifanye nini?* — Mama wa Gungu

Marahaba, mwanangu. Kinachokusumbua ni mawese. Nayasema haya nikiwa mtu niliyekuzwa kwa mawese, na sitamwambia mtu yeyote wa Kigoma apike sikukuu bila hayo. Ila lazima tuyajue tabia yake. Mafuta ya alizeti hubaki majimaji hata asubuhi ya baridi. Mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, ndiyo maana galoni lako asubuhi lina mafuta mepesi juu na mazito chini. Unapoosha sufuria kwa maji ya moto, mawese yanashuka sinkini yakiwa laini kabisa, unaona yameenda. Mbele kidogo bomba limezikwa ardhini, kuna ubaridi, na yanagandia ukutani mwa bomba. Kesho yake tabaka jingine linakaa juu ya lile la jana. Mkiwa watano nyumbani, kuziba huchukua miezi. Wakija kumi na mmoja wengine, na kila siku kuna migebuka, samaki wa ziwani kwetu, ya mawese, siku chache tu zinamalizia kazi iliyoanza zamani.

Mwenzake mawese ni mchanga wa dagaa. Dagaa wetu wengi huanikwa ufukweni juu ya mchanga, na ukiwaosha sinkini ule mchanga unatua kwenye pitrapu, yaani lile bomba lililojipinda chini ya sinki. Ukichanganyika na mawese na mabaki ya ugali wa muhogo unakuwa kama zege. Nimefungua pitrapu ambazo ilibidi nizigonge kwa bisibisi kuzisafisha.

Sasa ile kostiki soda. Wewe unatengeneza sabuni, unajua kostiki ikikutana na mawese kinapatikana nini. Hicho ndicho kilichotokea ndani ya bomba lako: mafuta yaliyokuwa yamegandia ukutani yakageuka sabuni na kuganda humohumo, maana hapakuwa na maji ya kutosha ya kuyasukuma. Halafu kostiki ikiingia majini inatoa joto kali. Bomba la plastiki linalegea, na maungio ya gundi yanaweza kuachia chini ya sakafu, mahali usipopaona. Nakusihi usiiweke tena, na kamwe usiichanganye na maji ya betri au dawa nyingine ya kuzibulia, kwa sababu vinarukana na vinaunguza macho na ngozi. Mtu yeyote aliyekwisha kumwaga kitu sinkini kabla ya kuita fundi, amwambie fundi kabla hajafungua chochote. Maji hayo hutua usoni kwa anayefungua.

Wiki hii weka ndoo chini ya sinki, ufungue pitrapu kwa mkono. Za plastiki hazihitaji spana, na spana huzipasua. Ioshe nje kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi. Kisha nenda nje, ufunue chemba ya kwanza baada ya jikoni, yaani kile kishimo chenye mfuniko ambamo bomba la majitaka linapita. Ukikuta utando wa njano au wa rangi ya chungwa umetanda, uondoe kwa koleo, uuzike au uutupe na taka, usiusukume mbele. Bomba kati ya sinki na chemba lipitishiwe waya wa kuzibulia, halafu limwagiwe maji ya moto kiasi ambacho mtu anaweza kuogea. Maji yanayochemka usimwage, mabomba ya plastiki ya majitaka hayakutengenezwa kwa joto hilo.

Siku za wageni, vyombo vikubwa vihamishie nje. Sufuria ya mawese ifutwe kwanza kwa gazeti au majani makavu ya mgomba, ndipo iguswe na maji. Ukoko na ugali uliobaki ni wa kuku. Dagaa waoshwe kwenye beseni, mchanga utulie chini, maji yamwagwe uani. Na kichujio cha waya kiwekwe kwenye tundu la sinki, vinauzwa kwa bei ndogo kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Jambo gumu kuliko yote haya ni mawifi. Wageni wa kike hapa kwetu hawakai bure, wanainuka na kuosha vyombo. Wifi wa Dar aliyezoea mafuta ya chupa hajui lolote kuhusu mawese na mabomba. Mwonyeshe siku ya kwanza, kabla hajashika dodoki: sufuria tunafuta hivi, kisha tunaosha pale. Hatachukia. Atakayechukia ni yule utakayemwambia siku ya tatu, maji yakiwa yameshasimama.

*Habari za kazi, fundi. Nyumba yangu iko Kibirizi, si mbali na ziwa. Tuko watano, sikukuu tutakuwa kumi na wanne. Mvua zilipoanza, choo kimekuwa kinashusha maji polepole na kububujika. Shimo halijanyonywa kwa miaka kadhaa. Jirani ananishauri nilitapishe, yaani nifungulie majitaka yatoke nje, usiku mvua kubwa ikinyesha. Kijana mwingine amejitolea kushuka na kulisafisha kwa ndoo. Lipi bora?* — Baba wa Kibirizi

Nzuri, bwana. Yote mawili usiyafanye.

Nianze na huyo kijana. Shimo la choo lina hewa isiyoonekana inayomwangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Anayemfuata kumwokoa naye huanguka. Kuacha mfuniko wazi tangu asubuhi hakuiondoi hewa yote, kwa sababu tope likikorogwa linatoa nyingine. Hata akikubali kwa pesa kidogo, hata akisema ameshafanya hivyo mara nyingi, mkatalie. Ni mtoto wa mtu. Na yeyote anayefunua mfuniko asiwe na sigara wala kibatari, maana sehemu ya hewa hiyo inashika moto.

Kutapisha choo nako ni kosa kisheria, lakini hata kusingekuwa na sheria ningekukataza. Maji yako yanateremka ziwani, na ziwa hilohilo ndimo watoto wa Kibirizi wanamooga na akina mama wanamochota. Mwaka 2015, watu wengi waliokimbia Burundi walipojazana Kagunga, kaskazini mwetu kandoni mwa ziwa hilihili, bila vyoo wala maji safi ya kuwatosha, kipindupindu kilizuka na watu wakafa. Ugonjwa huo hauhitaji kambi ya wakimbizi. Unahitaji kinyesi kikutane na maji ya kunywa, basi. Mvua haikisafishi, inakisambaza kwa majirani.

Tuje kwenye kububujika. Maji ya choo yakitoka nyumbani huingia kwanza kwenye tangi la septiki, uchafu mzito unatua chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanaenda kwenye shimo la kunyonya ili ardhi iyanywe. Choo kikibubujika na kushusha polepole, ama njia imeziba, ama tangi limejaa tope, ama ardhi haitaki kunywa tena. Kwa mtu wa karibu na ziwa, hilo la tatu mara nyingi ndilo lenyewe. Mvua zikianza, maji ya ardhini yanapanda. Ziwa lilipojaa mwaka 2020 na 2021, watu wa kandokando ya maji walikuwa na mashimo yaliyojaa hata nyumba zikiwa hazina wageni.

Utajuaje? Funua chemba iliyo karibu na nyumba. Kama ni kavu na choo kinasita, kizuizi kiko kati ya choo na chemba, na waya utamaliza shida. Kama chemba imejaa, nenda kwenye septiki. Chukua mti mrefu, ufunge kitambaa cheupe upande wa chini, simama wima bila kuinamia shimo, uushushe taratibu hadi sakafuni, subiri kidogo, upandishe. Tope litaacha weusi kwenye kitambaa. Weusi huo ukifika theluthi ya kina cha maji, ita gari la kunyonya majitaka. Kwa miaka uliyoitaja, sitashangaa ukiukuta umepita hapo. Liite sasa. Karibu na sikukuu kila mtu analitaka, na mvua ikikolea kuna vichochoro gari lile halifiki. Wenye matangi ya septiki ya plastiki karibu na ziwa wamwambie dereva asinyonye yote na wayajaze maji safi mara moja, kwa sababu tangi tupu husukumwa na maji ya ardhini likainuka na kuvunja mabomba.

Hata ukinyonya, ardhi yako bado imelowa, kwa hiyo punguza unachoipelekea. Hesabu nami. Choo cha kukaa cha zamani kinamwaga lita 9 hivi kila ukivuta. Watu watano, mara tano kwa siku, ni lita 225. Watu kumi na wanne ni lita 630, na hatujaoga bado, hatujafua. Kama una choo cha kuchuchumaa uani ulichokiacha ulipojenga cha ndani, na kuta na sakafu yake bado ni imara, kisafishe, weka taa na ndoo ya maji na kopo, uwaambie vijana wote wakitumie. Wengi waliovunja vile vyoo vya uani walifanya haraka, kwa maoni yangu. Kufua kufanyike uani, maji yamwagwe mbali na shimo la kunyonya. Wengi wakioga asubuhi, wengine waoge jioni, ili ardhi ipate muda wa kunywa.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mke mpya katika nyumba hii. Mama mkwe na mawifi zangu wanne watakuja kutoka Mwanza na watoto wadogo. Walipokuja mara ya mwisho choo kiliziba na fundi akatoa pampasi, pedi na nywele za rasta. Nilinyamaza. Nawaambiaje bila kuonekana nina kiburi?* — Mke wa Katubuka

Marahaba, binti yangu. Uliponyamaza ulikuwa mgeni katika nyumba hiyo, ilikuelekea. Sasa wewe ndiye mwenyeji.

Siku wanapofika utawaonyesha chumba, kitanda, chandarua na mahali pa maji ya kunywa. Katika mzunguko huohuo waonyeshe bafu na choo: flashi inavutwa hivi, ndoo yenye mfuniko hii ni ya pedi, pampasi na wipesi, mimi naitoa kila asubuhi. Useme kwa sauti ileile uliyotumia kueleza chandarua, bila kupunguza sauti na bila kuomba radhi. Mtu hupata aibu pale anapokosa pa kutupa, akiwa na pedi mkononi na nje kuna baba mkwe. Hapo ndipo anapoisukumia chooni. Ndoo yenye mfuniko inamwokoa yeye kabla haijaokoa bomba. Weka na mifuko ya kaki au magazeti ya kufungia. Mama mkwe mwachie mume wako, ni mama yake, amwambie yeye.

Sipendi karatasi za kubandika ukutani nyumbani kwa mtu. Zinafaa gesti. Nyumbani mtu anaambiwa kwa mdomo.

Wipesi zimewadanganya wengi kwa sababu zinafanana na karatasi ya chooni. Ukitaka kuwaonyesha mawifi, weka kipande cha kila kimoja kwenye glasi yake ya maji ukoroge. Karatasi itavurugika, wipesi itabaki nzima, na ndivyo ilivyo hata ndani ya bomba. Pampasi ni mbaya zaidi, inanyonya maji na kuvimba hadi imekaza kwenye shingo ya choo. Tena kabla ya sikukuu kila msichana anasukwa, na wakioga vipande vya rasta vinaingia kwenye tundu la bafu na kujifunga na povu la sabuni. Funika tundu kwa wavu mdogo, uutoe nywele kila jioni kwa mkono.

Kikiziba licha ya yote, asivute mtu flashi mara ya pili ili "kuisukuma". Maji yatamwagika sakafuni na kizuizi kitaenda mbali zaidi. Acha maji yatulie, chukua ule mpira wa kuzibulia wenye mti, ufunike tundu lote, usukume na kuvuta kwa mapigo mafupi. Mvuto ndio unaofanya kazi, kuliko msukumo. Kama kuna pampasi ndani, vaa glavu uitoe kwa juu.

*Fundi, chumba cha wageni kina choo na bafu lake, hakijatumika tangu Pasaka. Nimekifungua, kinanuka majitaka ingawa ni kisafi. Je, bomba limepasuka?* — Mwalimu wa Mwanga

Huenda hapana, mwalimu. Kila tundu la sakafuni na kila sinki lina maji kidogo yaliyobaki kwenye mpindo wa bomba, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isiingie chumbani. Usipotumia kwa miezi yanakauka. Mwaga ndoo moja kwenye tundu la bafu, kopo mbili sinkini, vuta flashi, fungua dirisha, usubiri hadi jioni. Harufu ikiisha, ndiyo hiyo. Kwa vyumba vinavyokaa bila watu, baada ya maji ongeza kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye tundu la bafu, yanakaa juu na kuchelewesha maji kukauka. Mawese hapana, nimeshaeleza juu.

Ukiwa humohumo, angalia boya ndani ya tangi la flashi. Kwa kukaa muda mrefu hukwama, na maji yanaendelea kuingia chooni polepole usiku kucha bila mtu kusikia. Angalia pia ule mpira mwembamba unaoleta maji chooni na sinkini. Ukiona umeanza kutoa ukurutu au kutu kwenye shingo yake, ubadilishe. Huo ndio hupasuka usiku wakati wote wamelala.

*Fundi, hapa kwetu Ujiji maji huja kwa zamu. Nina tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa vyuma. Wageni watakuwa wengi, fundi mmoja ameniambia atoe hilo aweke la lita 3,000 palepale. Nimruhusu?* — Mfanyabiashara wa Ujiji

Usimruhusu mpaka mtu anayejua vyuma aukague mnara. Lita moja ya maji ni kilo moja. Sasa hivi mnara wako unabeba tani moja, naye anataka ubebe tatu, tena katika miezi ambayo udongo chini ya miguu yake umelowa. Chini ya minara ndiko watoto hupenda kuchezea kwa sababu kuna kivuli. Kama unahitaji akiba, weka tangi la pili chini, juu ya jukwaa la zege, lijae siku ya zamu, na pampu ndogo ipandishe maji juu kidogo kidogo. Ukikosa pampu, mapipa safi yenye vifuniko yatatosha kwa wiki mbili za wageni: maji ya choo na kufulia yachotwe huko, ya tangi yaachwe ya kupikia na kuogea.

Kabla ya kununua chochote, pima kama hupotezi ulichonacho. Siku ya maji, funga koki zote, funga na njia ya kuingia tangini, soma mita, mkae saa nzima bila kutumia, uisome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja baada ya mita, na hapo ni kazi yako na fundi wako. Ukiona maji yanatoka ardhini kabla ya mita, wapigie KUWASA wenyewe, mamlaka yetu ya maji hapa Kigoma. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 hivi kwa siku, ndoo nzima ya mgeni mmoja kuoga. Mara nyingi shida ni wosha ya mpira ndani yake, kitu cha bei ndogo sana.

Mwisho, itafute koki kuu ya nyumba yako. Kwa nyumba nyingi iko karibu na mita, imefunikwa na mchanga au majani ya mwembe, na mwenye nyumba hajaigusa tangu ajenge. Ifukue, uifunge na kuifungua. Unahitaji na nyingine, iliyo kwenye bomba linaloshuka kutoka tangini, maana bomba likipasuka ndani, kufunga ya kwenye mita hakuzuii lita 1,000 zilizo juu ya kichwa chako. Waonyeshe zote mbili mkeo na kijana mkubwa, kwa sababu siku ya tukio wewe utakuwa dukani. Ikigoma kuzunguka usiikaze kwa spana ndefu, itakatikia mkononi. Ibadilishe wiki hii, siku ambayo hakuna zamu ya maji.